Pampu Moja, Pantoni Tatu

Mwita, rika langu,

Umekufa kabla sijasema, na hilo nalo linanikera. Kila nilipokuja kwako Kisaka nikitaka kulitoa la moyoni, uliniwahi, ukiniita kijana kama zamani: "Achana nayo, mura. Kunywa uji." Sasa kifua kimenibana, ngazi mbili za nyumba yangu hapa Nkende zinanishinda, na uji wenyewe nalishwa na binti yangu Ghati. Basi leo utanisikiliza.

Tangu tukuzike, pantoni ya kwanza kati ya zile zetu tatu imekatwa ikauzwa chuma chakavu. Ya pili imelala kwenye mafunjo, ndege wanataga ndani ya chumba cha nahodha. Ya tatu bado inavusha magari na watu! Wameipaka rangi tena, Mwita. Rangi! Ukigonga ubavu wake, rangi ndiyo inayoitika, chuma kilishaondoka.

Na wanafanya sherehe ya rangi hiyo. Ofisi ya pantoni ikaniomba niandike historia ya pantoni zote tatu, eti ndimi mzee niliyebaki. Nikaandika kila kitu: zilivyokuja za aina moja, hata nati ya hii inaingia kwenye ile, na jinsi kufanana huko kulivyotuharibu. Pampu za kutolea maji zilipokufa mbili, mimi mkuu wa karakana niliamuru ile nzima ihamishwe kumtangulia mkaguzi, leo pantoni hii, kesho ile. Wewe fundi ukacheka: "Mura, hawa ni ng'ombe wa jirani. Tunamwonyesha mkwe zizi la kuazima." Nami nikacheka, nikasaini kwamba kila pantoni ina pampu yake.

Kisha ya tatu ikaingiwa na maji katikati ya ghuba. Akina mama walichota kwa ndoo zao za dagaa mpaka ikakwama kwenye tope la ng'ambo. Hakufa mtu. Lakini wakubwa walipouliza pampu iko wapi, nilijibu, "Muulizeni fundi." Maneno mawili tu. Ukafukuzwa kama mwizi wa pampu, na huko Kisaka wanao wakaitwa watoto wa mwizi. Nawe ukanyamaza! Kwa nini ulinyamaza, mtu wewe? Ungenitukana hadharani, ningepona mapema.

Juzi ofisa alinirudishia kurasa zangu. "Shikamoo, mzee. Huu ukurasa wa pampu tuutoe, hautapendeza kwenye sherehe." Nikamwambia akiutoa huo, atoe na jina langu.

Ukurasa ninao. Jumamosi Ghati ananipeleka Kisaka. Nitausoma mbele ya mkeo Bhoke, wanao, na majirani wote waliowahi kulitamka neno lile. Kifua kikikataa, atausoma Ghati. Nakala yake nimeshaisaini. Safari hii nimesaini kweli.

Lala, Mwita. Pampu ilikuwa kwenye pantoni ya kwanza. Niliipeleka mimi.