Mlango Uliokwama Upande Wangu

Fundi wangu Nzowa,

Wewe ulisema tungoje. Naanza na hilo kwa sababu sijamwambia mtu. Polisi sikuwaambia, mkeo Mama Neema sikumwambia, na kila anayepita kunipa pole hapa kwenye meza yetu ya funguo anasema ni mipango ya Mungu, nami naitikia.

Wale wazee wawili wa Kizungu walikuwa wametoka Zambia na lile gari lao la kulala, lenye chumba kizima mgongoni, kitanda na jiko humo humo. Waliegesha kando ya foleni ya malori. Mlango wa chumba ulikuwa umewagomea tangu Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Ulimi wa kitasa ulitoka ukakataa kurudi, ukivuta mkono wa kitasa unacheza bure. Na dawa za presha za yule mzee zilikuwa ndani. Walituonyesha, wakatuachia gari, wakaenda wote wawili mpakani kugongewa mihuri ya pasi.

Ukajaribu kwa nje, ukasema kitasa hicho kinafunguliwa kwa ndani, skrubu zote ziko huko. Ukaketi juu ya sanduku la vifaa. Ukaniambia, "Tungoje wenye gari warudi." Mimi nikasema, Fundi, mzee anahitaji dawa, na dirisha la pembeni liko wazi, mimi mwembamba napita, ni kazi ya dakika kumi. Nilisema habari ya dawa. Ukweli nilikuwa nawahi kikao cha wazazi shuleni kwa binti yangu Rebeka. Ulinitazama kidogo, kisha ukanikingia mikono nikapanda. Ulikuwa hujui kuninyima kitu.

Miguu yangu ilikuwa bado inaning'inia dirishani niliposikia mtu anapiga kelele ya mwizi.

Nilidhani wanamfukuza mwingine. Nikaangukia kitandani, nikainuka, nikaenda mlangoni na bisibisi kama tulivyopanga. Ndipo nikasikia sauti yako, ya upole kama unavyoongea na wateja, unawaambia wewe ni fundi, wenye gari wameenda forodhani, waulizeni. Mtu akasema kuna mwenzake ndani. Mwingine akasema mtoeni.

Ungeweza kukimbia, Fundi. Ulikuwa na umri wa miaka hamsini na nane lakini miguu yako ilikuwa mizima, na sokoni ni hatua chache, kila mtu kule anakujua. Hukukimbia. Niliusikia mgongo wako ukigusa mlango.

Jiwe la kwanza lilipiga bati juu ya kichwa changu. La pili sikulisikia kwenye bati, nilikusikia wewe. Nilivuta mkono wa kitasa kwa nguvu zote, nikausukuma mlango kwa bega, nikaupiga mateke, ulimi haukurudi. Nilipiga kelele kwamba ni fundi, ni fundi wangu, na sauti yangu ikazidi kuwapandisha mori, maana sasa walikuwa na uhakika kuna mtu ndani. Ukasema, "Mama Rebe, usifungue." Nilikuwa navuta kwa mikono miwili, Fundi. Kama ungefunguka ningetoka.

Kuna nondo ilitumika. Najua kwa mlio. Nilikuwa nimeweka viganja kwenye mlango na kila pigo lilipita mwilini mwako likanifikia mikononi. Nilihesabu bila kutaka, nikaacha. Baadaye mgongo wako haukuwa tena kwenye mlango, na mapigo yakahamia chini, kwenye ngazi. Mtu akauliza nani ana petroli. Mawe yakaanza kuingia dirishani kwangu. Moja lilinipasua hapa juu ya jicho, kovu lipo. Nililala sakafuni kati ya kitanda na jiko, nikafunika kichwa kwa mto wa watu nisiowajua.

Polisi walipiga risasi hewani. Walinitoa kwa dirisha lile lile. Nilipita juu yako. Walikuwa wameshakufunika kanga ya mtu, ila mkono ulikuwa nje, na vidole vyako, vile vilivyokuwa vinasikia pini ndani ya kufuli bila kutazama, vilikuwa vimevunjwa vyote.

Yule bibi wa Kizungu alikuwa amekaa chini barabarani na pasi zao za kusafiria mapajani.

Tulikuzika kijijini kwenu Itaka, kando ya mibuni ya baba yako. Watu walijaa. Na hapo ndipo lipo jambo la pili nisilolisema popote. Aliyeanza kupiga kelele ni mwosha magari anaitwa Chrispini, kijana aliyehamia kutoka Msangano. Alikuwa amekwishajua ukweli. Alikuja msibani na mama yake, kabla polisi hawajamkamata mtu yeyote. Alinifuata nyuma ya nyumba, mahali walipoegemeza machepe ya kuchimbia kaburi, akapiga magoti. Akasema, "Dada, nilidhani naokoa mali ya watu."

Nilichukua chepe nikampiga kwa mpini. Alijikinga na mkono, mkono ukavunjika, nilisikia. Sikuacha. Alilala kifudifudi kwenye majani ya migomba na nikaendelea kumpiga mgongoni, naye hakupiga kelele hata moja. Nitakuambia ukweli, nilijisikia vizuri. Mikono yangu ilikuwa inadai. Kama ningeachwa ningemmaliza.

Aliyenizuia ni Mama Neema. Alitoka jikoni, akasimama kati yetu, bega likapokea pigo lililokuwa njiani. Hakunigombeza. Alisema, "Mwache. Mimi ndiye niliyefiwa." Kisha akamfunga yule kijana mkono kwa kitenge chake, akamwita mama yake amchukue. Kule hospitali Chrispini aliwaambia madaktari alianguka na pikipiki. Baadaye polisi walimkamata, na mpaka leo yuko mahabusu na maelezo yake ni hayo hayo.

Lile gari lilikaa kituo cha polisi kama kielelezo cha kesi. Walipoliachia, wale wazee walitafuta fundi wa kitasa mji mzima, hakuna aliyekubali kuligusa. Bibi akaja kwangu na mkalimani. Nilimkatalia. Akarudi kesho yake, akakaa kwenye benchi lako. Nikabeba sanduku la vifaa.

Nilipitia dirishani tena, safari hii mwenye gari na askari wakiwa wamesimama pembeni. Nilifungua skrubu nne. Springi ilikuwa imekatika vipande viwili, na vumbi la njia nzima lilikuwa limeganda na grisi kuukuu likaukamata ulimi. Kazi ya dakika kumi, kama nilivyosema. Nilikata springi ya kufuli kuukuu, nikaipinda kwa koleo kama ulivyonifundisha, nikausugua ulimi kwa tupa mpaka ukateleza.

Nilipovuta, mlango ukafunguka. Mikwaruzo ya nondo ilikuwa upande wa nje, kuanzia usawa wa kifua chako mpaka chini. Kwenye mifereji ya ngazi kulikuwa na weusi ambao mvua haikuutoa. Niliomba maji na brashi. Bibi alipiga magoti na magoti yake mabovu, tukasugua wote. Halafu nikaingia, nikajifungia, nikafungua. Nilijifungia mara nyingi, Fundi, askari akadhani nimechanganyikiwa. Kila mara mlango ulifunguka.

Mama Neema anakaa nami mezani siku za gulio. Ameanza kukata funguo, ana mkono mtulivu kukushinda. Siku hizi sigusi mlango wa mtu bila mwenyewe kusimama karibu. Wateja wananiona mgumu. Na wananiona kazini, mbele ya macho yao.

Jumatatu nimeitwa mahakamani Vwawa kutoa ushahidi. Usiku sipati usingizi kwa ajili ya mikono yangu, kwa hiyo nimeamua. Nitasema nilichokisikia kupitia mlango, mpaka habari ya petroli. Nitawaonyesha watu wawili wa kundi lile ambao sauti zao nazijua. Nitasema Chrispini ndiye aliyeanza kelele, na nitasema nani alimvunja mkono, wakinishika wanishike. Na kabla ya yote hayo, Jumapili baada ya ibada, nitakaa na mkeo nimwambie kwamba ulitaka tungoje.

Pumzika, Fundi. Asante kwa kusimama pale. Ningetoka, nakuapia, ningetoka tukasimama wote.

Mwanafunzi wako,
Mama Rebeka