Wimbo wa Mama Khasandi

Mama mpendwa, shikamoo.

Huku Kakamega mvua hunyesha kila alasiri, nami naendelea salama na kazi ya kompyuta za kuhifadhi sauti za wazee. Leo alikuja Mama Khasandi kutoka Shinyalu. Kesho anapasuliwa koo, na daktari amemwambia huenda sauti isirudi. Alitaka nimrekodi akimwimbia mjukuu wake, ambaye bado hajazaliwa, wimbo wa kubembeleza.

Akiwa katikati ya wimbo radi ikapiga, akashtuka, "Uwi!" na umeme ukakatika. Alinitazama, machozi yakimlengalenga. "Imepotea?"

Nikamwambia tungoje umeme urudi. Kompyuta nyingi huweka sauti kwanza kwenye kumbukumbu inayosahau umeme ukienda, ndipo huinakili kwenye diski. Hii nimeupanga mfumo wake wa faili uandike moja kwa moja kwenye kumbukumbu isiyosahau. Lakini sikuwahi kuijaribu kwa sauti ambayo huenda isirudi.

Umeme uliporudi tukawasha. Kila neno aliloimba lilikuwepo, pamoja na ile "Uwi!" Nikamwuliza kama niikate.

"Wacha hiyo," akasema akicheka. "Mtoto ajue nyanya yake alikuwa anaogopanga radi."

Kisha akamalizia wimbo, polepole, macho ameyafumba. Asubuhi nitakuwa hospitalini kumngojea. Mwombee, Mama, nawe ujifunike vizuri usiku, kifua kisikusumbue. Nimeikumbuka sauti yako.

Mwanao,
Salome