Ngoma kwa Bibi Tunu

Fatma, huyu Doreen wako ametuaibisha Nandagala mpaka basi.

Kasikia Bibi Tunu hatoki nje, anashinda ndani. Akaona huo ni upweke. Akatukusanya wanachuo, wavulana wamo, na ngoma tukabeba, tukamchangamshe.

Ngoma, Fatma. Kwa mjane.

Wavulana wakajaa mpaka ndani, bibi wa watu anahangaika kujifunika. Doreen anapiga makofi tu, "Bibi, inuka ucheze, usijitenge."

Bibi akamwambia, "Mjukuu wangu, nimefiwa na mume. Niko edani."

Unajua alichojibu? "Hapana, bibi. Hapa uko Nandagala."

Uko Nandagala. Anamwelekeza mwenye nyumba.

Bibi akamtazama weee. "Basi mpweke ni wewe, mjukuu wangu. Ungekuwa na watu, wangekwambia."