Daftari la Maziwa Lililogoma Kufunguka

Mama,

Salamu zikufikie huko uliko. Nakuandikia kwa Kiswahili ulichokileta kutoka Unguja ulikosomea ukunga, kile tulichokuwa tukisengenyea watu mbele ya macho yao. Nimekaa kwenye kiti chako hapa Mutsamudu. Arobaini yako imenipita. Nimekuja na boti ya kwanza iliyoruhusiwa kuvuka kutoka Moroni.

Kompyuta yako imefunguka. Imenichukua muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai, kisha nikalia mpaka dada yako akadhani nimeumwa.

Unakumbuka nilivyokuwekea daftari lako la maziwa? Miaka yote ya ukunga uliandika nani kamnyonyesha mtoto wa nani, na mara ngapi, maana hapa mjini posa haipiti mpaka watu waje kukuuliza kama wachumba si ndugu wa kunyonya. Programu yake ilikuwa ya kizamani, haikukubali kompyuta mpya, ndipo nikakuundia mashine pepe: kompyuta ya zamani inayofanya kazi ndani ya hii mpya. Ukacheka, ukasema, "Kumbe na hii ina mimba."

Kisha ikaja fitina ya visiwa, kisiwa chenu kikajitenga na serikali ya Moroni. Wewe ulisema Moroni imewasahau. Mimi, karani wa serikali, nikapandwa na hasira. Nikakwambia kwenye simu kwamba mimi si mtoto wa watu waliojitenga. Mimi, niliyezaliwa nyumba ya pili na yako, nikanyonya kwako mama yangu alipokuwa hajiwezi! Ulisema tu, "Haya, mwanangu," ukakata simu.

Wiki chache baadaye ukapiga. Nilikuwa sokoni Volo Volo nanunua samaki, nikaiona namba yako, nikaiacha iite. Ukapiga tena nikiwa nyumbani Magoudjou, sikupokea. Mara ya tatu ukamwachia mke wangu ujumbe: mashine ya ndani haifunguki, na wazee wa Anfati, binti aliyeposwa, wanasubiri jibu. Nikasema nitapiga kesho. Kesho yake simu za kisiwani zilikuwa zimekatwa na boti zimezuiwa.

Lilikuwa jambo dogo, Mama. Umeme ulikatika ghafla programu ikiwa wazi, ikaacha nyuma faili la kufuli, ikawa inadhani bado inatumika. Ningekwambia kwanza uzime kompyuta nzima, uiwashe upya. Ikigoma, utazame kama diski imejaa. Ikigoma tena, unakili folda yote pembeni, kisha ufute lile faili la kufuli peke yake. Basi. Hata kwa simu, na ubishi wako wote, tungemaliza kabla wali haujaiva.

Dada yako amenisimulia yaliyobaki. Ulikumbuka kwamba Anfati alinyonya kwa mama wa mchumba wake, ila hukukumbuka mara ngapi. Kwa sheria ya dini, mara zikitimia tano, huyo ni kaka yake wa kunyonya. Wakakusihi useme lolote, ukawajibu, "Maziwa hayakisiwi." Wakasema akili imekuruka. Posa ikavunjika, kijana akaenda kuoa Domoni, na watu wakaacha kuja kukuuliza. Umekufa ukiitwa kizee asiyejua kitu. Hilo nimelifanya mimi.

Jana nimelisoma jina la Anfati daftarini. Mara mbili, Mama. Mara mbili tu, umeandika mwenyewe.

Nikaenda kwao. Baba yake aliponiuliza mimi ni nani hata nizungumzie mambo ya ndani, nikamwambia mimi ni mwanao. Nikawaeleza kwamba hukukosea, kwamba mashine ilikwama na mimi ndiye niliyekataa kupokea simu. Mzee akainamisha kichwa. Anfati alikuwa amesimama mlangoni, akaniuliza neno moja tu: "Kwa hiyo alikuwa halali yangu?"

Nikasema ndiyo. Akarudi ndani.

Nitalichapa daftari lote kwenye karatasi, nakala moja kwa kadhi na nyingine kwa dada yako, lisitegemee tena umeme wala kinyongo cha mtu. Na simu yoyote itakayotoka Mutsamudu nitaipokea, hata ikiwa ya kunitukana. Mungu akulaze pema, Mama. Uniwie radhi.

Mwanao,
Ismaila