Kutu kwenye Sare ya Mama Mkwe

Jumanne, 4 Machi
Maabara, Kitale. Chupa ya maji ya kisima cha ukweni tena. Yananuka dawa ya wadudu kutoka mashamba ya tumbaku. Nimetia asidi kidogo, chumvi ya chuma, kisha peroksidi. Chuma huiamsha peroksidi, nayo inaila dawa. Kufikia saa nane harufu imeisha. Nimejiona bingwa.

Ijumaa, 7 Machi
Malakisi. Nimefanya vilevile kwenye pipa kubwa, uani kwa mama mkwe. Yeye hakutoka. Sisi Wabukusu, mtu na mama mkwe wake hawatazamani, wala hawaongei. Shemeji yangu Wafula ndiye alinisaidia. Akauliza, ati maji ni tayari? Nikamwambia, si unaona yanang'aa, bana. Chokaa ya kuua asidi na kutuamisha chuma chini nilipanga kutia kesho. Sikuitaja. Nimekuja kulala Bungoma mjini.

Jumamosi, 8 Machi
Nimefika na chokaa, pipa limepungua. Wafula alimpelekea mama habari njema, naye akafulia sare yake nyeupe ya kina mama wa kanisa. Chuma kilikuwa bado ndani ya maji, hakionekani. Kimekutana na sabuni. Sare ina mabaka ya kutu, mgongoni mpaka kwenye kola. Imeanikwa, majirani wanaiona.

Aibu imenishika mpaka masikio yakawaka. Msamaha wenyewe siwezi kumwomba kwa mdomo wangu. Nimetia chokaa. Wafula hakunicheka. Afadhali angenicheka.

Jumapili, 9 Machi
Ameivaa. Hana nyingine. Mke wangu Nekesa amepigiwa simu: mama aliongoza nyimbo na kutu yake mgongoni. Walipomuuliza, akasema mkwe wake anamtengenezea maji. Basi. Sikula chakula cha mchana. Mimi ni mjinga mwenye digrii.

Alhamisi, 13 Machi
Nekesa ameenda kuichukua sare. Nimeiloweka kwenye maji ya ndimu. Kutu imeachia polepole. Baka la kola limekataa. Nimelisugua mpaka Nekesa akaninyang'anya, asije akarudisha matambara.

Jumamosi, 15 Machi
Malakisi. Tope jekundu limekaa chini ya pipa, maji juu. Nimepima. Asidi imekwisha, chuma pia, dawa haionekani. Safari hii nimemweleza Wafula kila kitu, na kuyanywa nimekataza mpaka nipime tena; ya kufulia ni sawa.

Nimekaa nje ya ua wa michongoma. Mama mkwe amepita ndani akiwa amegeuza uso, ilivyo desturi. Amevaa sare. Ameweka mtungi mtupu wa maji ya kufulia karibu na pipa, akaondoka.

Nimeujaza.