Viazi Nilivyong'oa kwa Wivu

Mjukuu wangu Shija, mume wangu,

Marahaba. Hapa Puge hatujambo, ila goti langu linasumbua. Mama yako mdogo amejifungua mtoto wa kike.

Unauliza kama upande mbono shamba zima, maana huko kwenu wamekuja wanunuzi wa mbegu za kukamua mafuta ya magari. Nitakueleza yaliyonipata mimi.

Mama yako akiwa bado shuleni, wifi yangu Kabula alikuwa na ua wa mibono. Siku moja mnunuzi akasimamisha gari mlangoni kwake, na baada ya mavuno Kabula akanunua cherehani. Kila nikiisikia ikilia, chakula kilikuwa hakinishuki. Nikang'oa viazi vyangu vyote nikapanda mbono, nimpite. Mwaka wa pili ikazaa sana, lakini mnunuzi hakurudi, na mbegu zile haziliwi.

Kabula ndiye aliyeniletea kikapu cha michembe, viazi alivyokausha mwenyewe.

"Wifi, mimi nilichuma za uani tu," alisema. "Shamba sikuligusa. Nilikuwa natamani viazi vyangu vistawi kama vyako."

Nilishukuru. Lakini nisikufiche, hata nikiitafuna ile michembe nilikuwa bado namwonea wivu.

Sikukatazi kupanda, maana udongo wa huko siujui. Ila jambo moja hukuliandika: ni jirani gani huyo aliyekutangulia kuuza mbono?

Nisalimie wote nyumbani kwako.

Bibi yako,
Mwashi