Kuku Bila Firigisi kwa Mtu wa Kelele za Bahari

Mautuma, Jumapili. Mawingu yamejaa toka asubuhi lakini mvua haitoki, inatutishia tu. Mahindi yamejikunja. Na mimi nimejikunja, kwa hasira.

Mzungu aliyekuwa na shamba hili alienda zake tulipopata Uhuru, tukagawiwa, tukamshukuru Mungu. Nikafikiri tumemalizana na wazungu. Kumbe jana mwingine amekuja mpaka mlangoni, na huyu hataki shamba. Anamtaka Shivachi wangu.

Shivachi ni kifungua mimba wangu. Alisoma mpaka akafika Nairobi, na huko chuoni anamtengenezea huyu Profesa mashine zake. Sasa wanataka waende Mombasa, wapande meli, wafike mbali mahali nchi kavu haionekani. Halafu watumbukize mashine mpaka chini kabisa, ikae kwenye matope isikilize.

Isikilize nini? Kelele.

"Mama, bahari iko na kelele mingi," Profesa aliniambia, kwa kile Kiswahili chao cha kuamrisha maboi. "Mawimbi napiga, chini natetemeka. Kila siku, hata kama hapana tetemeko ya ardhi."

Shivachi akanieleza kwa lugha ya nyumbani, macho yanang'aa. Eti matope hutetemeka kivyake na mwamba kivyake. Mashine ikishika huko kutetemeka, wao watajua matope yameenda chini kiasi gani na jiwe linaanzia wapi, bila kuchimba.

"Ni kama unavyogonga chungu sokoni, Mama, usikie kama kina ufa. Tofauti ni kwamba bahari inajigonga yenyewe."

"Mimi nagonganga chungu kwa sababu nataka kukinunua," nikamwambia. "Nyinyi mnanunua nini huko?"

Baba Shivachi alicheka mpaka akakohoa. Profesa naye akacheka, nadhani hata hakujua anacheka nini.

Watu wazima hao! Nchi ni changa, zahanati haina dawa, daraja letu limechukuliwa na maji mpaka leo tunavuka kwa magogo. Na wenye akili kuliko sisi sote wanaenda kutega sikio kwenye matope ambayo hata viazi huwezi kupanda. Mtoto wa jirani akilala chini asikilize udongo, tutamwita mwombaji aje amwombee. Mzungu akifanya hivyo anaitwa Profesa.

Niliwadharau. Hata sasa nawadharau.

Basi nikafanya nililofanya. Jogoo alichinjwa, nikampika vizuri, sitaki kusemwa. Obusuma, ugali wetu, ukawa mlima. Lakini firigisi niliitoa nikaifunika kwa bakuli nyuma ya mafiga.

Hapa kwetu mgeni akiwekewa kuku asiye na firigisi, ameshaambiwa. Hakuna haja ya maneno. Hata mtoto anajua maana yake ni: hapa hukukaribishwa.

Baba Shivachi alichungulia bakuli la nyama mezani, akaigeuza kwa mwiko, akageuza tena. Akaniangalia. Shivachi akarudisha tonge lake kwenye sahani.

Na Profesa? Alikula paja, akala shingo, akalamba vidole. "Mzuri sana, Mama!" Akaomba mchuzi mwingine. Tusi langu lote lilimpita kando, likaenda kumwangukia mwanangu.

Alinifuata jikoni.

"Mama, umenifukuza?"

"Nimemfukuza yeye."

"Yeye hajui. Ni mimi ninajua."

Hapo moyo ukanishinda. Nikamwambia lile ambalo nilikuwa sijalisema hata kwa baba yake. Mtu akifa maji na mwili usipatikane, sisi tunakata shina la mgomba, tunalifunga kwa shuka, tunalizika mahali pake, na mama analia juu ya mgomba kama analia juu ya mtu. Niliona hivyo nikiwa msichana. Yule mama hakupona.

"Mimi sitazika mgomba, Shivachi."

"Mashine ndiyo inazama, Mama. Sisi tunabaki juu ya meli."

"Na meli iko juu ya nini?"

Akainama akachochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa. Pamoja na masomo yote hayo.

Wakati huo Baba Shivachi alikuwa amesimama mlangoni. Mwanamume haingiangi jikoni kwangu, lakini aliingia. Akafunua bakuli kama mtu aliyeniona nikificha. Akatoa firigisi, akaikata katikati kwa kisu changu, nusu akala, nusu akampa mtoto.

Mtoto hapewi firigisi baba yake akiwa hai. Akipewa na baba mwenyewe, amekuwa mtu mzima, na njia yake imefunguliwa. Shivachi aliipokea kwa mikono miwili. Mimi niliyempika huyo kuku hakuna aliyeniuliza.

Basi ataenda. Jumatano wanaondoka.

Leo wameenda kanisani, mimi nimebaki nikisema kichwa kinauma. Nimemfulia sweta lake zito. Watu wanasema Mombasa ni joto, lakini hao watu hawajalala juu ya maji. Nimelianika, jua lenyewe hakuna, nalipindua kila mara.

Bado naona ni upuuzi, sitaficha. Jiwe likae huko liliko, halijatuomba kitu.

Lakini kuna neno moja la yule Profesa limenikaa kifuani. Alisema kelele za huko hazikomi, usiku na mchana, hata bahari ikionekana imelala. Sasa ndani ya kelele zote hizo, mwanangu akiita mama, nani atamsikia?